Ngozi ya Ndama

Ephraimu alikuwa akipima mbegu za mahindi alipowaona wakiingia, na mkono wake uliendelea kumimina hata mizani ilipokwisha kufika mwisho. Ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni na duka lake la pembejeo lilikuwa limejaa. Inspekta Twahira Sefu hakuvaa sare, angeweza kudhaniwa mteja. Lakini mzee aliyekuwa nyuma yake, Thomasi, mkaguzi wa viuatilifu wa serikali, alijulikana na kila muuza dawa za mifugo kuanzia Usa River mpaka Longido, na wateja wawili waliokuwa wakibishana juu ya dawa ya kupe walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

“Shikamoo mkaguzi,” Ephraimu alisema.

“Marahaba. Rudisha mlango.”

“Ile dawa sina, mkaguzi. Nilishaacha.”

“Hujaulizwa kitu bado,” Twahira alisema.

Ephraimu akakaa juu ya gunia. Twahira akaweka simu kwenye kaunta. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mwanamke kijana, iliyopigwa kituoni, naye alikuwa ameangalia pembeni.

“Unamfahamu?”

“Soko lina watu wengi, afande.”

“Kuna mtoto amezikwa, Ephraimu. Mkemia amekuta ile sumu mnayoiita zambarau tumboni mwake. Nikitoka hapa bila jibu, nitarudi na gari la kubeba duka zima na wewe juu yake. Unamfahamu?”

Mtoto mwenyewe aliitwa Yiamat, wa miaka mitatu, mwana wa mfugaji mmoja aliyeitwa Lesian. Jumamosi iliyopita alikunywa maziwa nyumbani kwao, juu ya Ngaramtoni, na hakufikishwa zahanati akiwa hai. Aliyempa maziwa hayo alikuwa Anyesi, mke mdogo wa Lesian, ambaye hakuwa na mtoto wake mwenyewe na alikuwa hasemezani na mke mkubwa tangu mavuno. Majibu ya mkemia yalipotoka, Anyesi akakamatwa. Tangu akamatwe hakuwa amefungua mdomo, hata jina lake polisi waliambiwa na wengine. Na leo, kabla ofisi hazijafungwa, Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada lifike kwa wakili wa serikali kwa shitaka la mauaji. Shitaka hilo halina dhamana. Mtu huingia mahabusu akiwa kijana, na kesi ikija kusikilizwa watu wa nyumbani wameshachoka kumletea chakula.

“Namfahamu kwa sura,” Ephraimu alisema mwisho. “Alikuja hapa kama wiki mbili hivi zilizopita.”

“Peke yake?”

“Peke yake. Akasema ametumwa zambarau.”

“Ametumwa na nani?”

“Kwa dawa ile mtu haulizi.”

“Ukampa ikiwa kwenye nini?”

“Mfuko wa nailoni. Nikauzungushia gazeti.”

Mfuko wa nailoni nao ni marufuku, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulitaja hilo.

“Ulikuwa na maandishi yoyote? Jina la dawa, alama ya hatari?”

“Afande, kopo lenye maandishi ndilo linalomfunga mtu.”

Thomasi aliangalia sakafu. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi mno.

“Alikuuliza chochote?” Twahira alisema.

“Aliuliza kama ng'ombe wanaogeshwa nayo au wanapakwa. Alidhani ni ya kupe.”

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia aliyekutuma anajua.”

Walipotoka nje Twahira alimpigia simu Mkuu wa Upelelezi, akiwa amesimama kati ya marundo ya viazi na mitumba.

“Sumu amenunua yeye?” Mkuu aliuliza.

“Amenunua yeye, mkuu, lakini alikuwa hajui hata ni dawa ya nini. Mtu anayetaka kuua haulizi kama ng'ombe wanaogeshwa nayo.”

“Twahira. Amenunua yeye, mtoto kamnywesha yeye, na hataki kusema. Unataka nini tena?”

“Nataka kufika nyumbani kwao. Hakuna askari aliyefika zaidi ya kumkamata.”

“Fika. Lakini jalada nalitaka leo.”

Gari lilipanda taratibu. Mvua ya juzi ilikuwa imechimba barabara, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kwenye msitu. Thomasi alikuwa amepakata mkoba wake wa kazi kama mtu anayepeleka mayai mjini.

“Ile dawa nilishiriki kuipiga marufuku,” alisema. “Ilikuwa ya wadudu wa shambani. Wafugaji wakagundua kwamba ukiitia kwenye mzoga, fisi hafiki mbali. Ikaua fisi, ikaua simba, ikaua ndege wote wa mizoga, ikaua na watu. Tukasema basi, isiingie nchini, isiuzwe, asikutwe mtu nayo.”

“Mlifanya vizuri.”

“Sijui, binti yangu. Ilipokuwa halali, kopo lilikuwa na fuvu na maandishi ya Kiswahili: vaa glovu, weka mbali na watoto. Iliua hivyo hivyo. Sasa inakuja kwenye gazeti, na anayeinunua anaificha hata kwa mke wake, maana akijulikana anafungwa. Inaua vilevile, ila sasa hakuna anayeambiwa.”

“Kwa hiyo tufanye nini?”

“Ningekuwa najua ningestaafu kwa amani,” Thomasi alisema.

Boma la Lesian lilikuwa la mwisho, pale mahindi yanapokoma na msitu kuanza. Nyumba mbili za matope na bati, moja ya kila mke, na zizi la miiba katikati. Kando ya nyumba kubwa palikuwa na kaburi dogo lenye msalaba wa mbao, na jina la mtoto limeandikwa kwa rangi nyeupe na mkono wa mtu asiyezoea kuandika. Lesian alitoka akiwa amejifunga shuka, mwanaume mrefu wa makamo, macho mekundu.

“Shikamoo mzee. Pole na msiba,” Twahira alisema.

“Marahaba. Tumeshapoa.”

Hakuwakaribisha kukaa. Twahira alizunguka zizi. Nyuma yake kulikuwa na tuta la udongo mbichi, kubwa kuliko kaburi la mtu yeyote, na juu yake limewekwa miiba.

“Kile ni nini?”

“Ng'ombe.”

“Mmemzika?”

“Alikufa kwa kimeta. Mwenye kimeta haliwi.”

Hilo lilikuwa kweli, na Twahira, aliyezaliwa Kaloleni kwenye nyumba isiyofuga hata kuku, angelipita. Thomasi hakulipita.

“Kimeta hutolewa taarifa, bwana Lesian. Afisa mifugo amekuja?”

“Hajaja.”

“Umemwita?”

Lesian aligeuza macho kwenye zizi.

“Hawa waliobaki umewachanja?”

“Bado.”

“Kimeta kimepita kwenye zizi lako, una ng'ombe wengine humo, hujachanja na hujaita mtu?”

“Nilikuwa na mtoto wa kuzika, mzee.”

“Alikufa siku gani huyu ng'ombe?” Twahira aliuliza.

“Ile ile.”

“Ya mtoto?”

“Ile ile.”

Thomasi aliwaacha, akapita nyuma ya zizi kufuata alama za kitu kilichokuwa kimeburutwa kwenye majani kuelekea msituni. Baada ya muda akamwita Twahira. Pale chini ya miti kulikuwa na mifupa ya ndama, na kuizunguka tumbusi wamelala kifudifudi, mabawa wazi, wameanza kukauka. Mbwa mmoja wa njano alikuwa amefia hatua chache kutoka kwao. Hapakuwa na fisi hata mmoja.

“Huu ni mtego wa sumu,” Thomasi alisema. “Hauna ubishi.”

“Na fisi?”

“Fisi siku hiyo hakuja. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi.” Aliinama. “Ila angalia. Huyu ndama amechunwa. Fisi hachuni, na ndege hachuni. Hiki ni kisu, tena cha mtu anayejua kazi.”

Lesian alikuwa amewafuata na kusimama mbali kidogo.

“Uliweka sumu hapa, mzee?” Twahira aliuliza.

“Sijui sumu.”

“Anyesi alitumwa na nani Ngaramtoni?”

“Muulizeni Anyesi.”

“Anyesi hasemi. Leo anapelekwa kwa shitaka la kumuua mwanao. Unaelewa maana yake?”

“Naelewa,” Lesian alisema, akageuka kurudi nyumbani. Twahira alimwangalia mgongo. Mwanaume aliyekuwa anaamini mke mdogo kamuulia mtoto angetukana, angelia, angetaka kumjua aliyemuuzia ile sumu. Huyu alitembea kama mtu anayemaliza kifungo chake mwenyewe.

Mke mkubwa, Naisiae, alikuwa ndani ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga yasiyo na moto. Twahira aliomba kuingia, akaketi kitandani. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi na maziwa. Nzi walikuwa wengi, wametua kwenye vikombe vya chai ya wageni wa msiba ambavyo hakuna aliyeviosha.

“Pole sana, mama Yiamat.”

“Asante, dada.” Alikuwa bado anaitikia jina hilo.

“Naomba unieleze ile asubuhi. Taratibu tu.”

“Nilikamua mapema. Nikaacha kibuyu kwa Anyesi, nikamwambia mtoto akiamka mpe. Hatukuwa tunaongea vizuri, lakini mtoto hana ugomvi. Mimi nikashuka Ngaramtoni kuuza parachichi.”

“Anyesi naye alikunywa hayo maziwa?”

“Ya ng'ombe wangu? Hapana. Kila mke ana ng'ombe wake. Maziwa ya kwangu ni ya nyumba yangu.”

Kwenye maelezo ya mwanzo ya polisi jambo hilo lilikuwa limewekwa kama ushahidi: mtuhumiwa mwenyewe hakunywa. Twahira alilifuta kichwani mwake.

“Wewe ulikunywa?”

“Hata mimi sikunywa. Yalikuwa ya mtoto, alilala bila maziwa usiku ule. Mimi nilikula mkate njiani.” Alionyesha jinsi alivyokuwa akimega, kwa vidole vitatu. “Na ule mkate haukukaa. Nilipofika sokoni nikatapika. Mate yalijaa mdomoni, macho yakaingia giza, mikono inatetemeka. Akina mama wakanilaza kwenye magunia. Nikadhani ni mimba.”

“Hiyo ilikuwa kabla ya kupigiwa simu ya mtoto, au baada?”

“Kabla. Simu ilikuja nimelala pale pale.”

Twahira aliacha kuandika. Mate, macho, mikono: ndivyo mkemia alivyoeleza sumu hiyo inavyomshika mtu. Basi ilimshika Naisiae huko njiani, akiwa hajaonja maziwa. Ilikuwa imemgusa kabla kibuyu hakijafika mikononi mwa Anyesi. Kilichomuua mtoto kilitoka na mama yake asubuhi ile, na Anyesi alipokea tu.

Akainama kuokota kifuniko cha kalamu kilichomwangukia. Ndipo alipowaona. Sehemu moja ya sakafu, kando ya ukuta, ilikuwa nyeusi kwa nzi waliokufa. Kwenye vikombe nzi walikuwa wazima, wanapanda na kushuka. Pale hakukuwa na hata mmoja anayetikisika. Aliinua macho. Juu yao, kwenye kigingi, ilitundikwa ngozi ndogo ya rangi ya udongo, ina madoa meupe ya chumvi iliyokauka.

“Hii ngozi ni ya nini, mama?”

Kwa mara ya kwanza uso wa Naisiae ulilegea.

“Ya ndama wangu. Fisi walimuua jioni giza likiingia, sijakamua bado, wakala nyuma yote. Baba Yiamat akakiburuta kilichobaki huko msituni. Sasa mama yake alilia usiku kucha, na asubuhi kila nikimshika chuchu, hakuna. Ng'ombe akifiwa anafunga maziwa, dada. Anangoja mtoto wake. Nikachukua kisu nikaenda kuifuata ngozi. Unaipaka chumvi, unaiweka mbele yake. Analamba, anasikia harufu ya mwanawe, anaachia maziwa.”

“Anadanganyika?”

“Mama yangu alikuwa anasema hadanganyiki, anajua. Ila inampoza.”

“Na unaikamataje huku unakamua?”

Naisiae akasimama. Kabla Twahira hajafikiri la kusema, alikuwa ameshaitoa ngozi kwenye kigingi na kuitandaza magotini. Mkono wake wa kulia ukasugua chumvi ya kufikirika juu ya manyoya, kwa nguvu, kiganja chote, kisha ukashuka kwenye chuchu ambayo haikuwepo na kukamua, ukapanda tena kwenye ngozi, ukashuka tena.

“Hivi. Akimaliza kulamba, unapaka tena, unakamua tena. Siku ile alijaza kibuyu. Nilifurahi mno, dada. Nikasema mwanangu leo atashiba.”

“Huwa unanawa mikono katikati?”

“Chumvi ni chakula. Nanawa nini?”

Twahira alikuwa ameona maiti za kila namna katika kazi ile. Hakuna kilichowahi kumtia uchungu kama viganja vile vikipanda na kushuka.

“Irudishe pale, mama,” alisema. “Irudishe tu. Halafu naomba maji ninawe. Na wewe unawe, umeshika vumbi.”

Naisiae alinawa bila kuuliza, kwa kumheshimu mgeni. “Baba Yiamat alitaka kuichoma,” alisema akijifuta kwenye kanga. “Nilikataa. Ndama amekwenda, mama yake amekwenda, mtoto amekwenda. Na ngozi nayo?”

Lesian alikuwa amesimama nje, karibu na kaburi. Safari hii Twahira hakumsalimia.

“Ng'ombe alilamba sumu yako,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Kimeta hakikuwepo. Na mkeo alikamua kwa mkono uliotoka kwenye ngozi ile.”

Lesian aliangalia mlango wa nyumba kwanza. Kisha akasema, “Hajui.”

“Wewe ulijua lini?”

“Nilirudi mchana kuangalia mzoga, nikakuta umechunwa. Nikakimbia nyumbani. Ng'ombe ameshaanguka, povu linamtoka, na ngozi iko pale kwenye zizi, na Anyesi anatoka ndani amembeba mtoto.” Aliangalia kaburi. “Nilimtuma Anyesi ile dawa kwa sababu mwanamke hapekuliwi njiani. Sikumwambia ni ya nini. Sikumwambia mtu. Ukikutwa nayo unafungwa.”

“Ungetoa taarifa ya fisi kwa watu wa wanyamapori.”

“Nilitoa. Walikula mbuzi wangu, nikatoa. Wakasema gari halina mafuta, nijenge zizi imara. Nikajenga. Fisi ni wa serikali, afande, ukimuua unafungwa. Sumu ni marufuku ya serikali, ukiishika unafungwa. Ndama peke yake ndiye alikuwa wangu.”

“Na Anyesi je? Ungemwacha anyongwe?”

Machozi yalimtoka Lesian bila sauti. “Nichukueni mimi. Semeni nilitia sumu kwenye maziwa mimi mwenyewe, nitakubali, nitaweka dole gumba mahali popote. Ila Naisiae asijue ni mkono wake. Nakuomba kwa huyu aliyelala hapa.”

“Siwezi kuandika uongo, mzee. Bila ngozi ile Anyesi hatoki.”

“Basi ichukueni. Mwambieni inakwenda kupimwa kimeta. Atawapa.”

Twahira alikubali. Hilo angekuja kulijutia, lakini wakati ule lilionekana ndilo jambo pekee la huruma lililobaki kwenye boma lile. Alirudi ndani na kumwambia Naisiae kwamba serikali inaomba ngozi ikapimwe kwa ajili ya ng'ombe waliobaki. Naisiae alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

“Mtairudisha?”

“Tutaona, mama.”

Thomasi aliingia na mkoba wake. Alikuwa ameikusanya sumu ile miaka na miaka, madukani, mashambani, kwenye mizoga, na mikono yake ilikuwa inafanya kazi bila kumngoja. Akafungua mkoba. Akavaa barakoa. Akavaa glovu nene za mpira, zinazofika kwenye kiwiko, akavuta moja, akavuta ya pili. Akaitoa ngozi kwenye kigingi kwa ncha za vidole, ameiweka mbali na mwili, akaiingiza kwenye mfuko, na mfuko kwenye mfuko mwingine. Twahira alifungua mdomo kumzuia akiwa amechelewa. Hakuna kati yao aliyekuwa ameliwaza hilo.

“Mzee,” Naisiae alisema, “mbona umevaa hivyo?”

Thomasi alisimama na mfuko mkononi.

“Ni utaratibu tu, mama.”

“Mimi niliishika hivi hivi.”

Naisiae aliwaangalia wale nzi sakafuni. Akamwangalia Lesian aliyekuwa ameinama mlangoni. Kisha akaigeuza mikono yake, akaangalia viganja, akainua cha kulia na kukinusa. Hakulia. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele, mbali na kifua chake, akakaa nayo hivyo kama ya mtu mwingine. Lesian alipomsogelea kumshika bega, alirudi nyuma mpaka ukutani.

“Usiniguse,” alisema. “Nitakuua na wewe.”

Walipoondoka bado alikuwa ameinyoosha.

Kituoni Twahira aliandika mpaka kalamu ikamkwaruza kidole. Lesian alikuwa ameshuka nao kwenye gari lile lile, hakubishana, akaingia selo kwa kupatikana na sumu iliyopigwa marufuku na kwa kusababisha kifo. Kule Ngaramtoni duka la Ephraimu lilikutwa na kufuli. Jirani zake walisema ameonekana kwenye gari la Namanga, na mmoja wao, alipoulizwa zambarau, alisema yeye hauzi ila anaweza kuulizia. Thomasi alishukia njiani kuipeleka ngozi maabara.

Mkuu wa Upelelezi alisoma maelezo yote akiwa amesimama.

“Kazi nzuri,” alisema. “Mwachie huyo msichana. Na huyu mama?”

“Mama amefanyaje, mkuu?”

“Si ndiye aliyekamua? Mweke kwenye jalada. Wakili wa serikali ataamua kama ni shahidi au mshitakiwa.”

“Mkuu, yule ni mfiwa.”

“Mimi sijasema si mfiwa. Nimesema mweke.”

Twahira alimweka. Kisha akachukua funguo, akaenda selo ya wanawake.

Anyesi alikuwa amekaa kwenye saruji, ameegemeza kichwa ukutani. Twahira alifungua mlango, akaweka chini kandambili na shanga zake, vitu vilivyochukuliwa siku alipokamatwa.

“Uko huru, Anyesi. Unaweza kwenda nyumbani.”

Mwanamke hakusogea. Sauti yake, ilipotoka, ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika.

“Mmeiona ngozi.”

“Tumeiona.”

Anyesi alifumba macho. “Mlimwambia?”

“Hatukumwambia. Amejionea mwenyewe.”

“Mngeniacha humu,” Anyesi alisema. “Si nilinyamaza?”

“Ulikuwa unajua?”

“Ng'ombe alipoanguka nikajua. Mfuko nilinunua mimi. Maziwa nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu, akanirudishia kikombe akasema bado.” Aliuma mdomo mpaka ukatulia. “Ningesema, Naisiae angejua.”

“Ungenyongwa, Anyesi. Kwa ajili ya mtu ambaye hata salamu hamkuwa mnapeana.”

“Mimi sina mtoto, afande. Hakuna anayenililia. Na yeye angebaki na mtu wa kumchukia. Mfiwa akiwa na mtu wa kumchukia anaamka, anakula, anasema nitaishi mpaka nione mwisho wake. Sasa atamchukia nani?”

Twahira alisogeza kandambili karibu na miguu yake. Anyesi alizitazama, na mara akainua kichwa.

“Nani amebaki naye?”

“Nilimwomba jirani yenu wa chini. Ameahidi kupanda.”

“Jirani gani? Hakuna anayevuka ua wetu tangu mazishi. Wanasema pale kuna laana. Baba Yiamat yuko wapi?”

“Yuko hapa. Selo ya pili.”

“Na ule mfuko? Mmeuchukua?”

“Lesian amesema uliobaki alitupa chooni.”

“Hakutupa,” Anyesi alisema akisimama. “Aliuchimbia chini ya mafiga ya Naisiae, ndani pale pale, baada ya mazishi. Tulimwona wote wawili. Naisiae aliniuliza anaficha nini, nikamwambia ni dawa ya kupe. Sasa anajua si ya kupe.”

Hakungoja kandambili wala shanga. Alimpita Twahira, akapita kaunta, askari wa zamu akipiga kelele kwamba hajaweka saini. Twahira alichukua funguo za gari akamfuata nje. Barabara ya Ngaramtoni, kwa sababu ya soko, ilikuwa imeziba kwa magari pande zote mbili.